DVD ya harusi ikikwama, tazameni kwanza mashine iliyoichoma

Ndugu Mhariri,

Katika safu yako ya barua wiki iliyopita, msomaji mmoja alieleza kwa uchungu jinsi DVD ya harusi ya binti yake ilivyokwama mbele ya wageni, akamalizia kwa kusema kuwa watu wa studio ni matapeli wanaonunua CD feki za bei ya kutupa. Uchungu wake naujua. Kazi yangu ni hiyohiyo: napiga na kuhariri video za shughuli hapa Ngamiani, Tanga, na kila msimu wa harusi DVD zilizokwama hupita mikononi mwangu, nyingi zikiwa zimechomwa na wengine. Mtu akishazungushwa huko alikolipa, huja kwangu kuuliza kama kuna cha kuokoa.

Sitetei matapeli, maana wapo. Ila habari ya CD feki imekuwa jawabu la kila swali. Fundi akiulizwa husema CD feki, mteja naye husema CD feki, mwenye duka huchukua ile mbovu na kutoa nyingine, na mashine ya kuchomea iliyofanya uharibifu inabaki mezani ikiendelea na kazi yake. Nimeona studio ikibadili aina ya DVD tupu, ikabadili duka, ikabadili hata programu ya kuchomea, na hakuna aliyeifungua trei ya mashine akatazama ndani.

Nianze na kile kila msomaji anaweza kukifanya nyumbani bila kifaa chochote. Chukua DVD inayosumbua, ishike kwa ukingo, ipeleke penye mwanga wa dirisha na uigeuze upande unaong'aa. Angalia mikwaruzo imekaa vipi. Mikwaruzo iliyopinda ovyo, au inayotoka katikati kwenda ukingoni, ni ya mikono ya watu: watoto, DVD kulazwa juu ya meza bila kava, kurundikwa moja juu ya nyingine ndani ya droo. Lakini ukiona mkwaruzo wa duara, unaolizunguka tundu la katikati kwa usawa kama umechorwa kwa bikari, huo si wa mkono wa mtu. Duara la namna hiyo hutokea DVD ikiwa inazunguka na kitu kilichotulia kinaigusa. Imeguswa ndani ya mashine.

Mashine ipi, sasa? Inaweza kuwa deki yako ya nyumbani, inaweza kuwa ile iliyochoma. Hapo ndipo watu wa studio tunapotakiwa kuwa wakweli. Toa DVD tupu kwenye kopo, itazame kwenye mwanga, itie kwenye mashine, ichome, itoe, itazame tena kabla haijaingia kwenye deki yoyote. Kama duara limeshatokea, jibu unalo.

Kijana mmoja mwenye studio kule Makorora aliniletea mnara wake wa kuchomea, ule wenye nafasi ya DVD ya asili juu na mashine saba chini yake zinazochoma kwa pamoja. Lalamiko lake lilikuwa kwamba katika kila mkupuo baadhi ya nakala zinaganda na nyingine ni nzima, ilhali zote zimetoka kopo moja. Alikuwa ameshaamua kuwa wauzaji wanachanganya nzuri na mbovu ndani ya kopo. Nikamwambia tuandike namba kwa kalamu ya wino laini karibu na tundu, kila nakala ipewe namba ya mashine iliyoichoma. Tukachoma mikupuo kadhaa. Zilizoganda zote zilikuwa na namba tatu, na zote zilikuwa na duara lilelile, umbali uleule kutoka katikati.

Tulipoifungua mashine ya tatu tukakuta kipande cha stika, zile za kubandika juu ya DVD zenye picha ya maharusi, kimejikunja ndani na gundi yake imeshika chembe za mchanga. Kila DVD iliyoingia ilikuwa inasuguliwa na mchanga ule. Stika ilifikaje huko? Kijana alikuwa na tabia nzuri ya kuzirudisha nakala kwenye mnara ili zilinganishwe na ile ya asili, ila alizirudisha zikiwa zimeshabandikwa stika. Kwa joto la ndani ya mnara na unyevu wa hewa yetu ya pwani, gundi ikaachia.

Hizi stika ningezipiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka. DVD ikisomwa au kuchomwa kwa kasi ya 16x, yaani mara kumi na sita ya kasi ya kawaida ya DVD, huzunguka takriban mara 10,000 kwa dakika. Kwa mzunguko huo, karatasi iliyobandikwa upande kidogo, au yenye kiputo cha hewa, inatosha kuifanya DVD iyumbe. Ikiyumba, lenzi inahangaika kuifuata njia ya data inayolizunguka tundu, mashine inanguruma, na kwa bahati mbaya DVD inaweza kuigusa lenzi yenyewe. Halafu karatasi ikinyonya unyevu na kukauka inavuta, DVD inapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni lakini deki inaona. Anayetaka picha ya maharusi juu ya DVD anunue zile za uso mweupe zinazochapwa moja kwa moja kwenye printa. Bei iko juu kidogo. Mwambie mteja, ataelewa.

Mbali na uchafu, mkwaruzo wa duara hutokana pia na kile kishikio cha juu kinachoibana DVD katikati. Kwenye mashine za zamani mpira au sponji yake huchakaa na kuwa laini kama mafuta, DVD ikaanza kuteleza. Ukisikia mashine inaanza kuzunguka, inasita, inaanza upya, hiyo ni dalili mojawapo. Sababu nyingine ni kuusogeza mnara au kompyuta ikiwa inachoma. Nimeona mtu akiuvuta mnara mzima kupisha kiti. Kitu kinachozunguka kwa kasi ile hakisogezwi.

Hayo ni ya mikwaruzo. Kuna kundi la pili, nalo ndilo linalowachanganya watu zaidi: DVD haina hata alama, inang'aa kama mpya, na bado inakwama.

Wateja wakija kulalamika huwa nawauliza inakwama wapi. Mara nyingi jibu ni lilelile: ndoa imepita vizuri, kupamba kumepita, tulipofika kwenye keki na zawadi ikaganda. Si kwamba keki ina mkosi. DVD na CD huandikwa na kusomwa kuanzia ndani, karibu na tundu, kwenda nje. Mwanzo wa shughuli uko ndani, mwisho wake uko ukingoni. Mashine inapoanza kuchoma hujaribu nguvu ya leza yake kwenye eneo dogo la ndani kabisa ili ijue DVD hii inahitaji moto kiasi gani. Ikishapata kipimo inaanza safari ya kwenda nje, na zilizo nyingi huongeza kasi kadiri zinavyosonga. Kwa hiyo ukingoni ndiko DVD inakoyumba zaidi, ndiko leza iliyochoka inakoshindwa, na ndiko vidole vya watu vinakoshika.

Leza huchoka kweli. Mashine iliyochoma makopo kwa makopo haimulikii kama ilivyokuwa mpya, na kinachodanganya ni kwamba DVD iliyochomwa na mashine iliyochoka mara nyingi huchezeka vizuri ndani ya mashine hiyohiyo. Fundi anaijaribu kwenye kompyuta iliyochoma, anaona iko sawa, anamkabidhi mteja kwa moyo mweupe. Ikifika kwenye deki ya sebuleni inaganda. Ndiyo maana nasema kujaribu kwenye mashine iliyochoma si kujaribu. Programu kama ImgBurn na Nero zina sehemu ya kuhakiki baada ya kuchoma, na nawashauri wenzangu wasiizime kwa kukimbilia muda, lakini hata uhakiki huo unafanywa na mashine ileile. DVD itolewe, itiwe kwenye deki ya kawaida ya dukani, irushwe hadi dakika za mwisho. Pale mwanzoni hapana haja sana.

Kuhusu kasi, wapo wanaoamini kuwa ukichoma polepole kabisa ndiyo salama. Kwa CD za muziki za zamani ilikuwa na maana. Kwa DVD za sasa zilizoandikwa 16x, tabaka la rangi linaloungua limetengenezwa kwa ajili ya kasi kubwa, na ukiichoma kwa 2x, kwa mashine zinazokubali, matokeo yanaweza kuwa mabaya kuliko ukichoma kwa kasi ya kati. Mimi huchoma kwa 8x na sijutii. Wala sijazi hadi ukingo. Kasha linasema GB 4.7, kompyuta inahesabu 4.38 kwa hesabu yake, na mimi huacha megabaiti 300 hivi bila kitu. Shughuli ikiwa ndefu inakwenda kwenye DVD mbili. Mteja akinung'unika namweleza habari ya keki.

Nikirudi kwenye CD feki, sisemi hazipo. Jina lililo kwenye kasha na kiwanda kilichotengeneza si lazima viwe kitu kimoja. Ndani ya kila DVD tupu kuna namba ya siri ya mtengenezaji, na ImgBurn inakuonyesha ukiitia tu, kabla ya kuchoma. DVD+R za Verbatim za 16x zilizopendwa sana zilikuwa zikisoma MCC 004, na DVD-R za Taiyo Yuden wa Japani zilisoma TYG03. Taiyo Yuden waliacha biashara hiyo mwaka 2015, kwa hiyo anayekuuzia leo kopo analodai limetoka kiwandani kwao wiki iliyopita, mtazame usoni vizuri. Wajanja wameziiga hata namba hizo. Hata hivyo, mzigo mbovu huonekana haraka: ukichoma kwa mashine mbili tofauti zikakataa zote, basi laumu kopo. Ikikataa mashine moja na nyingine ikakubali, kopo halina kosa.

Umeme nao una lake. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, DVD imekwenda, hakuna dawa. Ukishuka bila kukatika ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mashine inamaliza kazi na kusema imefaulu. Ukichoma bila UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, katika mji huu unacheza kamari na shughuli ya mtu. Na hizi mashine nyembamba za nje zinazochomekwa kwenye laptopu kwa USB: tundu la kawaida la USB la zamani linatoa miliampia 500, na mashine inapochoma inahitaji zaidi ya hapo. Zile zinazokuja na waya wenye vichwa viwili zimepewa kwa sababu hiyo. Vichomeke vyote viwili, na moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio kinachotumiwa pia na kipanya, simu na feni.

Kuna pia DVD ambayo haijaharibika wala mashine haina kosa, ila fundi aliichoma kama faili za kompyuta. Deki nyingi za zamani hazijui MP4. Zinataka folda ya VIDEO_TS na mafaili yake. Au hakuifunga mwishoni kwa programu, kile kinachoitwa finalize, ikabaki wazi, na deki haisomi DVD iliyo wazi. Hilo ni la kurekebisha kwa dakika chache, mradi mashine iliyochoma ipo.

Sasa jambo linaloniuma, kwa kuwa linahusu vitu vizito kuliko harusi. Hospitali siku hizi humpa mgonjwa picha za CT scan au MRI kwenye CD. Mama mmoja alinijia na CD ya mumewe, daktari wa pili ameshindwa kuifungua. Juu yake mtu alikuwa ameandika jina na tarehe kwa peni ya kawaida, kwa kukandamiza. Watu hudhani upande wa juu, wenye maandishi, ni wa kuchezea, na upande unaong'aa ndio wa kutunzwa. Kwa CD ni kinyume. Plastiki ya chini ina unene wa karibu milimita 1.2 na inaweza kuvumilia mikwaruzo midogo. Data yenyewe iko juu, chini ya tabaka jembamba la vanishi tu. Ukiandika kwa peni unachimba data. Shika CD mbele ya taa: ukiona vitundu vya mwanga vinapenya, pale hakuna kitu tena na hakuna fundi wa kukirudisha. DVD ni tofauti kidogo, imeunganishwa kwa plastiki mbili za milimita 0.6 na data iko katikati, kwa hiyo juu yake pana kinga zaidi. Zote mbili ziandikwe kwa kalamu ya wino yenye ncha laini, tena karibu na tundu, au msiandike kabisa, andikeni kwenye kava. Yule mama alirudi hospitalini akachomewa nyingine, kwa kuwa picha zilikuwa bado kwenye mfumo wao. Bahati hiyo si ya wote.

Wengi huniuliza habari ya dawa ya meno. Kwa mkwaruzo mwepesi upande wa chini, dawa ya meno nyeupe inasaidia wakati mwingine, kwa sababu inasugua plastiki na kuulainisha mkwaruzo. Ni njia ya mwisho, baada ya kufuta kwa kitambaa laini kilicholowa maji kidogo. Futeni kutoka kwenye tundu kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Msifute kwa kuzungusha. DVD ina uwezo wa kurekebisha makosa madogo yanayokatiza njia yake, lakini mkwaruzo unaoifuata njia yenyewe unaimeza data ndefu mfululizo, na hapo uwezo huo unashindwa. Ndiyo sababu lile duara la mashine ni baya kuliko mikwaruzo kumi ya watoto.

Na tafadhali, vijana wanaopenda kufungua vitu: msiiwashe mashine ya kuchomea ikiwa wazi mkachungulia lenzi. Mwale wa kuchomea CD uko kwenye nanomita 780, macho hayauoni vizuri, na una nguvu ya kutosha kuharibu jicho. Lenzi ifutwe mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, kwa pamba ya masikio na spiriti safi, kwa mkono mwepesi. Zile CD za kusafishia zenye vibrashi mimi sizitii kwenye mashine ya kuchomea.

Msomaji wa wiki iliyopita asiitupe DVD yake. Aipeleke kwa mtu mwenye kompyuta ya mezani yenye mashine nzima, kwa sababu mashine za kompyuta nyingi husoma kwa subira kuliko deki. Programu kama IsoBuster hurudia kusoma sehemu iliyogoma mara nyingi, na mara nyingi hupatikana karibu yote. Ikipatikana, ihifadhiwe kwenye hadi disiki, na nakala nyingine kwenye flashi aliyopewa ndugu wa mbali. Asichelewe. Laptopu mpya hazina tena nafasi ya DVD, na Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodia, zile zilizoifuata DVD. Miaka michache ijayo kazi itakuwa kutafuta mashine ya kusomea.

Kwa wenzangu wa studio nina ombi moja, na hili naomba ulichape hata ukikata mengine kwa ufinyu wa nafasi. Kwenye risiti tuandike faili la shughuli litatunzwa hadi lini. Wengi wetu tunafuta faili mara mteja akipokea DVD ili kupata nafasi kwenye hadi disiki, na ugomvi wote unaanzia hapo: DVD inakwama baada ya miezi mitatu na hakuna cha kuchoma upya. Mimi huandika miezi sita, na mteja anayeleta flashi yake humwekea faili humo siku ileile anapochukua DVD. Anayelipia DVD naye ana haki ya kuiona ikichezwa dukani, kwenye deki, hadi kwenye zawadi. Fundi akikataa kuicheza, usimalizie malipo.

Mpiga video za shughuli,
Ngamiani, Tanga.